Wimbo na Mwenye Wimbo

Watu husema ya kwamba wimbo mzuri hujiuza. Usemi huu ni kweli nusu. Wimbo mzuri hupendwa kwa uzuri wake, lakini hauendi mbali ila kwa mikono ya wengi: yuko anasaye sauti kwa mtambo, yuko apigaye santuri chapa, yuko auzaye dukani, na yuko aandikaye jina katika daftari la haki. Mtungaji ni mmoja tu wa kundi hili, na aghalabu huwa wa mwisho kula. Historia ya muziki wa Afrika katika karne ya 20 ina mifano mingi ya jambo hili. Miongoni mwa mifano iliyo wazi sana ni ule wa Solomon Linda, Mzulu wa Afrika ya Kusini, na wimbo wake "Mbube", ambao maana ya jina lake ni simba.

Linda alizaliwa mwaka 1909 katika wilaya ya Msinga, Natal, nchi ya milima na mifugo. Utotoni alichunga ng'ombe, akasoma katika shule ya misheni, akazijua nyimbo za kanisa pamoja na nyimbo za arusi za watu wake. Zaidi ya hayo palikuwa na athari nyingine iliyotoka ng'ambo. Tangu mwaka 1890 kundi la Wamarekani weusi lililoongozwa na Orpheus McAdoo lilizuru Afrika ya Kusini, likawaachia wenyeji namna mpya ya kupanga sauti. Vijana wa Kizulu waliichukua namna hiyo, wakaichanganya na yao wenyewe. Kwa hiyo muziki ambao baadaye ulikwenda Marekani na kusifiwa huko kama kitu kigeni, ulikuwa na damu ya Marekani ndani yake tangu zamani.

Miaka ya 1930 Linda alihamia Johannesburg, kama walivyofanya wengi waliosukumwa na kodi na uhaba wa ardhi. Watu hawa walifanya kazi za mshahara mdogo siku za juma. Usiku wa Jumamosi walishindana kwa nyimbo katika mabweni na kumbi za wafanyakazi. Kundi la Linda, lililoitwa Evening Birds, lilikuwa la wanaume sita, nao walivaa suti na kofia za kimjini kuonyesha ya kwamba hawakuwa washamba tena. Linda mwenyewe aliimba sauti ya juu kabisa, na chini yake akaweka sauti nene za watu watatu, mahali ambapo wengine walizoea kuweka mmoja. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililoipa sauti ya kundi uzito wake. Hivyo kabla ya mtambo wowote kufunguliwa, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha fanywa, bila malipo, katika mashindano ya usiku.

Mwaka 1939 kundi hilo liliingia katika studio ya kampuni ya Gallo mjini Johannesburg, chini ya uangalizi wa Griffiths Motsieloa, msanii Mwafrika aliyeajiriwa kutafuta waimbaji. "Mbube" ulikuwa wimbo wa maneno machache sana. Uliimbwa mara ya kwanza na ya pili pasipo kuridhisha. Mara ya tatu, wenzake wakiwa wanaendelea kuzungusha kiitikio, Linda aliyaacha maneno, akapaza sauti peke yake juu yao. Na karibu na mwisho kabisa akatoa mfululizo mfupi wa sauti ambao haukuwamo mwanzo. Sauti zile za sekunde chache ndizo zilizogeuka kuwa tuni ijulikanayo leo katika pembe zote za dunia.

Hapa pana fundisho la kwanza. Wimbo unaovuma ni kazi ya miaka mingi na tukio la dakika moja. Miaka humpa mwimbaji uwezo. Dakika humpa bahati. Sifa ya mtambo ni kwamba ulikuwa wazi dakika ile ilipopita. Pasingalikuwa na mtambo, sauti zile zingalipotea hewani, kama zilivyopotea nyingine nyingi nzuri usiku wa Jumamosi. Haifai basi kudharau mchango wa kampuni: ilinunua mitambo, ilimwajiri Motsieloa, ilijitia katika hasara ya santuri zisizouzika. Swali si kama ilistahili faida. Swali ni faida hiyo iligawanywaje.

Santuri ya "Mbube" ilipendwa mno. Yakadiriwa ya kwamba zipatazo 100,000 ziliuzwa kabla ya miaka ya 1940 kwisha, hesabu kubwa kwa watu ambao wengi wao walikuwa vibarua. Waimbaji wengine walimwiga Linda, hata mtindo mzima wa kuimba kwa sauti bila ala ukaitwa mbube kwa jina la wimbo huo. Kutoka katika mtindo huo ulichipuka ule uitwao isicathamiya, ambao kundi la Ladysmith Black Mambazo, likiongozwa na Joseph Shabalala, liliufikisha mbali hata likapata tuzo ya Grammy mwaka 1988. Ni waimbaji wachache waliopata kuacha urithi wa namna hiyo.

Walakini urithi wa sifa ni mmoja, na urithi wa mali ni mwingine. Linda aliuza haki zake kwa kampuni kwa shilingi 10. Kampuni ilimpa pia kazi, lakini si kazi ya kutunga: alikuwa kibarua wa kufungasha santuri. Mtu ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya santuri alilipwa kwa kuitia santuri katika kasha. Methali yasema ya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Ngoma ya Linda ilivuma wala haikupasuka. Ilihamia mikononi mwa wengine.

Uhamisho huo ulianza kwa nia njema. Mwanzuoni wa nyimbo za watu, Alan Lomax, alimpa mwimbaji Pete Seeger santuri kadhaa kutoka Afrika, na "Mbube" ikiwa mojawapo. Seeger aliipenda, akaisikiliza na kuandika alichosikia. Neno la kiitikio, "uyimbube", lenye maana ya "wewe ni simba", aliliandika "Wimoweh", neno lisilokuwamo katika lugha yoyote. Kundi lake, The Weavers, likauimba wimbo kwa jina hilo, nao ukavuma Marekani mwaka 1952. Haki ziliandikishwa kwa jina la Paul Campbell. Paul Campbell hakuwa mtu; lilikuwa jina la bandia lililotumiwa kuandikisha nyimbo zilizodhaniwa kuwa za jadi, zisizo na mwenyewe. Seeger alipojua ya kwamba mtungaji yuko na jina lake ni Linda, alimpelekea dola 1,000 na kutaka apewe fungu lake. Lakini nia ya mtu mmoja haikutosha kuiongoza njia yote ya fedha, kutoka kampuni hata kampuni, kutoka nchi hata nchi.

Mwaka 1961 George Weiss na wenziwe wawili, Hugo Peretti na Luigi Creatore, waliupanga wimbo upya kwa ajili ya kundi la vijana liitwalo The Tokens. Waliyachukua mahadhi ya zile sekunde chache za mwisho, wakayatilia maneno ya Kiingereza juu ya simba aliyelala. Mnamo Desemba wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Oktoba ya mwaka uliofuata, 1962, Solomon Linda alikufa kwa ugonjwa wa figo, hali akiwa maskini. Kaburi lake lilikaa miaka 18 kabla ya kuwekewa jiwe lenye jina. Simba wake hakupumzika. Waimbaji wa lugha nyingi walimwimba, na mwaka 1994 akaingia katika filamu ya kampuni ya Disney, "The Lion King", ambayo baadhi ya viumbe wake wana majina ya Kiswahili.

Kilichobadili mambo hakikuwa wimbo bali karatasi. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan alichapisha habari ndefu iliyofuata nyayo za fedha za wimbo huo, na wanasheria wakaanza kupekua vitabu vya zamani. Ikaonekana ya kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotumika katika nchi nyingi za himaya, ilikuwa na kifungu kilichosahauliwa na wengi: mtungaji akiwa ameuza haki zake, haki hizo hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo haki za Linda zilipasa kurudi nyumbani mwaka 1987. Wanawe walikuwa wamekwisha pitisha miaka mingi katika dhiki pasipo kujua. Mwaka 2004 kesi ilifunguliwa Afrika ya Kusini, na Februari 2006 pakawa na mapatano: Linda akatambuliwa kuwa mtungaji mwenza, na warithi wakapewa malipo ya zamani na fungu la baadaye. Hivyo sheria iliyotungwa na watawala wa mbali, katika zama ambazo Mwafrika hakuulizwa lolote, ndiyo iliyowafaa wana wa mwimbaji. Ilikuwapo wakati wote; hakuwapo wa kuisoma.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asidhani ya kwamba mambo haya ni ya mbali. Miriam Makeba, aliyeimba "Mbube" katika santuri yake kubwa ya kwanza ya mwaka 1960, ndiye pia aliyeuchukua wimbo wa Kiswahili "Malaika" na kuupeleka ulimwenguni. Mwaka 1965 ulitoka katika santuri aliyoimba pamoja na Harry Belafonte, iliyopata tuzo ya Grammy. Na mwaka 1981 kundi la Boney M. liliuimba huko Ulaya. Nairobi wimbo huo ulikwisha julikana kwa sauti ya Fadhili William na kundi la Jambo Boys, nayo majina mengi yameuandika kuwa wake. Lakini Adam Salim, mwanamuziki mwenye asili ya Tanganyika, alidai ya kwamba yeye ndiye aliyeutunga katika miaka ya 1940, na wengine nao walitoa madai yao. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ugomvi haukuzikwa pamoja naye. Ni jambo la kusikitisha kwamba wimbo unaolalamika kuwa ukosefu wa fedha wamzuia kijana kuoa, umewaacha waliougombania wakililia fedha zake.

Mifano hii miwili haifanani, wala haipasi kufananishwa kwa nguvu. Katika "Mbube" mtungaji alijulikana, na jina lake lilikuwa limeandikwa. Waliokuwa mbali hawakuliuliza. Katika "Malaika" wimbo ulipita vinywani mwa wengi kabla ya kunaswa, na aliyeunasa vema akaonekana kuwa ndiye mwenyewe. Mfano wa kwanza waonya dhidi ya kusema upesi kwamba wimbo hauna mwenyewe. Wa pili waonya dhidi ya kusema upesi kwamba una mmoja. Lakini mizizi yao ni moja. Mtambo hunasa sauti, haunasi ushahidi wa nani aliyetunga. Ushahidi huo huandikwa kando, na wenye kalamu, na mwimbaji asiyekuwapo wakati wa kuandika hukuta amekwisha andikiwa.

Washairi wa pwani walilifahamu jambo hili zamani. Mtungaji wa utenzi alizoea kutia jina lake katika beti za mwisho, na pengine mji wake na mwaka aliomaliza kazi, ili mwenye kunakili hati asiweze kulitenga jina na shairi pasipo kuharibu vyote viwili. Wimbo wa santuri hauna beti za namna hiyo. Jina lake hukaa juu ya karatasi iliyobandikwa, na karatasi hubanduka.

Ndiyo sababu lawama haiwaangukii wafanya biashara peke yao. Neno lililoanza kumnyima Linda haki yake huko ng'ambo halikuwa la mfanya biashara. Lilikuwa neno la elimu. Neno hilo ni "jadi". Wimbo ukiitwa wa jadi, mtu mmoja mwenye jina, mke na watoto hugeuzwa kuwa kabila zima, na kabila halipelekewi hundi. Wakusanyaji wa nyimbo, mashairi na ngano hulitumia neno hilo kila siku, aghalabu kwa heshima, na mara nyingi kwa haki. Walakini kila anayeandika chini ya wimbo ya kwamba mtungaji wake hajulikani, hana budi kwanza awe amemtafuta: ameuliza kijijini, amewauliza waimbaji wenziwe, ameisoma karatasi iliyo katikati ya santuri. Jina la Solomon Linda lilikuwa limepigwa chapa hapo tangu siku ya kwanza.