Hodhi za Chini na Maji ya Fakhari



Msikitini kwetu hapa Makorora alikuja muungwana mmoja aliyejaaliwa mali, akataka kutujengea uani chemchemi ya pambo, yenye kurusha maji kimo cha watu wawili. Wazee wakagawanyika. Mimi siku ile nilinyamaza, lakini jambo hili lina tarikhi yake, na inafaa uijue.

Tazama Oman, walikotoka wengi katika jamaa zetu wa pwani hii. Huko maji huletwa kwa falaji, nayo ni mfereji uliochimbwa chini kwa chini kutoka mguuni mwa mlima, ukiteremka kidogo kidogo mpaka ukatokeza mjini, bila mashine yoyote. Hutangulia maji ya kunywa, kisha ya msikiti na ya kuogea, ndipo ikaja mitende. Zamu za wakulima zilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Falaji Daris ya Nizwa ni moja katika tano zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2006 kuwa urithi wa dunia, na zinazotumika bado ni kiasi cha 3,000. Basi mtu anayepimiwa maji kwa nyota atayarushaje hewani yakanywewe na jua?

Utasema: Je, wafalme wa Andalusi? Katika jumba la Alhambra, mjini Granada, kuna ua wa karne ya 14 wenye hodhi ndefu kati ya vichaka vya mihadasi. Kila ncha ya hodhi pana sinia la marumaru lililolazwa sawa na sakafu. Maji huchipuka humo kwa utulivu, hupita katika mfereji mfupi, hupunguzwa mbio, kisha huingia hodhini bila kuvuruga uso wake, na mnara ukaonekana humo kama katika kioo. Pambo lote liko chini ya goti! Na ile mirija ya kurusha maji inayopigwa picha sana katika bustani ya Generalife, jirani yake, iliongezwa karne ya 19, watawala Waislamu wameshaondoka.

Kwetu nako fakhari ilikuwapo. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ambaye Ibn Battuta alifika mjini kwake mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu, anatajwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, lenye hodhi ya pembe nane juu ya genge la bahari. Kilwa Kisiwani hakuna mto. Maji yale yaliteki­wa kisimani kwa mikono ya watu, na majina yao hayakuandikwa. Jumba lenyewe halikukaliwa muda mrefu.

Birika za misikiti yetu ya kale zimedumu zaidi. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukingo wa kufikiwa na aliyechutama, na mawe ya kusugulia miguu mbele yake. Katika baadhi yake bakuli la kauri lilipachikwa sakafuni, nalo ndilo pambo.

Yule muungwana nimempelekea barua. Nimemwomba hodhi moja ya chini, na maji yaliyokwisha tawadhiwa yapelekwe kwenye minazi. Hajajibu. Jana kisimani ndoo iligonga mchanga.