Shosho Ndani ya National Theatre

Wengi wa rika langu wakisikia jina Kamĩrĩĩthũ wanamkumbuka mtu mmoja: Ngũgĩ wa Thiong'o, gereza la Kamiti, na riwaya iliyoandikwa kwenye karatasi ya chooni. Ni hadithi tamu, lakini inawaacha nje watu waliojenga ukumbi wenyewe.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha Limuru kilichotokana na Hali ya Hatari, wakoloni walipowakusanya watu pamoja kwa nguvu. Mwaka 1977 wakulima, vibarua na wafanyakazi wa kiwanda cha hapo karibu walijenga ukumbi usio na paa, wa watu kama 2,000. Mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, uliandikwa na Ngũgĩ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani. Mzee akisikia Kikuyu kimekaa vibaya, alisema, na maneno yakabadilishwa. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ akakamatwa.

Mwaka 1982 wakarudi na mchezo wa nyimbo, Maitũ Njugĩra. Huu walitaka kuutoa kijijini: uanzie Kenya National Theatre, Nairobi, kisha uende Zimbabwe. Februari ile walikuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, pale jirani, na maelfu wakaja kutazama mazoezi tu. Hayo pia yakasimamishwa. Tarehe 12 Machi polisi wakaubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ikaonyeshwa tena, safari hii ndani ya hiyo hiyo National Theatre. Nikampeleka shosho yangu. Nilipokuwa chuoni, kabla sijaacha, nilipita mbele ya jengo hilo karibu kila siku. Yeye, mtu wa Limuru, hakuwahi kulikanyaga. Tulichagua siku ya Kikuyu.

Kĩgũũnda, mwenye kashamba ka ekari moja na nusu, alipoanza kufikiria mkopo, Shosho alimjibu kwa sauti, kana kwamba wako kwa baraza ya chifu: "Usiweke sahihi, baba!" Msichana wa mbele aligeuka, akaweka kidole mdomoni. Shosho akaninong'oneza: "Kwani hapa ni makosa kumwambia mtu ukweli?"

Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku hiyo nimefikiria jambo moja. Mwaka 1980 Ngaahika Ndeenda ilichapishwa kuwa kitabu hapa hapa Kenya, ikauzwa madukani, huku wanakijiji wakiwa bado hawana ruhusa ya kuigiza maneno yale yale. Kama hofu ilikuwa ya mwandishi, mbona kitabu kilipita? Nadhani kilichoogopwa ni watu kama Shosho wakiwa pamoja maelfu, wakimkatiza mwigizaji, wakiurekebisha mchezo na kuuona ni wao.

Nafurahi mchezo umerudi. Ila umerudi na tiketi, viti vyenye namba, na wa kutunyamazisha. Pale Kamĩrĩĩthũ, ukumbi ulipokuwa, serikali ilijenga chuo cha ufundi. Hakuna aliyewarudishia wanakijiji jukwaa lao.