Utoaji wa pamoja wa kemikali za neva

Huu ni uwezo wa seli moja ya neva kuhifadhi na kuachia zaidi ya kemikali moja ya kupeleka ujumbe. Kwa miaka mingi wengi waliamini kila seli ina kemikali yake moja tu. Mtafiti Geoffrey Burnstock alilitilia shaka wazo hilo mwaka 1976, na wakati umempa haki.

Mfano ulio wazi ni wa kunusa. Katika sehemu ya mbele ya ubongo wa panya, pale ishara za harufu zinapopokewa kutoka puani, zimo seli zinazotoa kemikali mbili, GABA na dopamini: GABA hutenda upesi, dopamini hufuata polepole. Kemikali za ujumbe za aina ya peptidi hukaa katika vifuko vikubwa zaidi ndani ya seli, na kwa kawaida huachiwa seli inaposisimuliwa mfululizo.

Hayo ya kunusa yalichunguzwa kwa panya wa maabara, lakini uwezo wa panya kunusa hutumika pia nje ya utafiti huo. Huko Morogoro, shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufunza panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Pua hodari namna hiyo inastahili kuchunguzwa hadi ndani ya seli zake.