Kujitolea Ecuador ili kujifunza vyakula vya msituni: mambo ambayo kijana wa Pwani anafaa kujua

Tangu nirudi kutoka mkoa wa Napo, Ecuador, nimeulizwa mara nyingi jinsi mtu anavyoweza kwenda kujitolea huko na kujifunza mapishi ya msitu wa Amazon. Nilikaa miezi mitatu na familia ya Wakichwa, karibu na mji wa Tena. Anayedhani ni kozi ya upishi ajue mapema kwamba muda mwingi utakuwa na panga mkononi, ukipalilia, na mwalimu wako atakuwa mama mwenye shamba.

Shamba hilo huitwa chakra. Muhogo, ndizi, kakao, vanila, miti ya matunda, ya mbao na ya dawa, vyote huota pamoja chini ya kivuli, na mgeni anaweza kupita katikati asijue kama yumo shambani. Mwaka 2023 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliitambua chakra ya Napo kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Wanaoitunza ni akina mama, na huitwa chakramama. Wakipanda muhogo hupaka nyuso zao rangi nyekundu ya bixa. Ndiyo, bixa hii hii inayolimwa Kwale kwa ajili ya rangi ya vyakula. Asili yake ni upande ule wa dunia, sawa na muhogo, korosho na nanasi, ambavyo Wareno walivileta Afrika. Kwa hivyo Mpwani hafiki kule akawa mgeni wa kila kitu.

Siku huanza kabla ya alfajiri. Familia huketi motoni na kunywa guayusa, majani ya mti yaliyochemshwa, yenye kafeini kama kahawa. Wazee husikiliza ndoto za usiku, huzifasiri, kisha kazi za siku zinapangwa. Ukilala hadi jua litoke umekosa darasa, maana hapo ndipo panapoamuliwa kitakachopikwa na nani ataenda kukichimba.

Chakula cha kwanza utakachofundishwa ni samaki wa maito. Anasafishwa, anatiwa chumvi, anafungwa kwa majani mapana yanayoshabihi ya mgomba, kisha anawekwa juu ya makaa. Kazi iko kwenye kufunga. Majani hupangwa mawili au matatu, hukunjwa na kukazwa kwa nyuzi za mmea ili maji ya samaki yasimwagike, kwa kuwa ndiyo yanayomwivisha. Mimi nilifunga kwa wiki mbili kabla mama kuacha kufungua na kufunga upya. Wapo pia mabuu manene wa mbawakawa wa minazi ya msituni, waitwao chontacuro, ambao huchomwa kwenye mishikaki. Wana mafuta mengi na ladha yake si mbaya hata kidogo.

Muhogo ndio wenye maneno. Hutengenezewa chicha, kinywaji kinachopewa kila anayebisha hodi. Unachemshwa, unapondwa kwa mchi ndani ya chombo cha mbao, na kidesturi akina mama hutafuna sehemu yake na kuirudisha, kwa kuwa mate hugeuza wanga kuwa sukari. Siku hizi wengine hutumia kiazi kitamu kilichokunwa badala ya kutafuna. Chicha ya siku ya kwanza ni kama uji mwepesi, lakini ikikaa siku kadhaa inalevya. Msomaji Mwislamu aseme mapema kwamba hanywi iliyochacha, aombe mpya, na aulize pia kuhusu nyama za mwituni. Kukataa kimya kimya ndiko kunakoudhi.

Nao walishangaa niliposema sisi hula kisamvu. Muhogo wanaoula wao ni mtamu, na majani huachwa shambani. Nikawaeleza habari ya kutwanga, kuchemsha sana na kutia tui. Tui halikupatikana, tukatumia karanga. Mama alionja, akanyamaza, akaongeza chumvi.

Sasa suala la pesa, ambalo ndilo linalonikera. Nafasi nyingi za kujitolea hulipiwa, na kulipa si vibaya, kwani unakula na kulala kwa watu. Lakini kuna mawakala wanaochukua sehemu kubwa, huku mama anayeamka usiku kukufundisha akibaki na kidogo. Kabla ya kutuma hata shilingi, uliza ni kiasi gani kinamfikia mwenye nyumba, nani aliyekubali ufundishwe, na kama unaruhusiwa kupiga picha au kuuza unachojifunza. Asiyejibu wazi, achana naye. Maarifa haya ni mali ya watu, na wanaweza kuyapoteza. Kando ya mto Jatunyacu, eneo la Yutzupino, wachimba dhahabu haramu walichimbua kingo za mto hadi serikali ikafanya msako Februari 2022 na kukuta zaidi ya mashine 100 za kuchimbua. Mto ukichafuka, hakuna samaki wa kufungwa kwenye jani.

Upande wa maandalizi, jifunze Kihispania cha kutosha kuuliza na kujibu, kwa sababu Kiingereza hakitakufikisha mbali. Shughulikia visa mapema na uwe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya. Utashukia Quito, mji ulio mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, ambako sisi tuliozoea Mombasa hukata pumzi kwa kupanda ngazi tu, kwa hiyo pumzika siku mbili kabla ya kupanda basi la Tena. Beba buti za mpira, maana mvua haina msimu wa kupumzika.

Usikae chini ya mwezi mmoja. Anayetaka kujifunza chicha ya matunda ya chonta apange kufika miezi ya mwanzo wa mwaka, yanapoiva. Ya muhogo ipo wakati wowote.