Uvimbe wa Taya, Mulago, na Neno "Kurithi"

Safari hii tumeonelea tuzungumzie neno moja linalotusumbua katika darasa la tafsiri, nalo ni kurithi. Tutalipitia kwa historia ya ugonjwa uliojulikana duniani kutokea hapa Kampala.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto katika Hospitali ya Mulago. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Burkitt aliandika juu ya saratani hiyo mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri yapata kilomita 16,000 kuelekea kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Wakabaini kuwa ugonjwa umeenea penye joto na mvua nyingi, yaani penye mbu na malaria. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda.

Wengi hudhani kisa kiliishia hapo. Lakini kirusi hicho karibu kila mtu anacho, na malaria hapa kwetu nani hajaiugua? Mbona ni watoto wachache tu wanaopata uvimbe?

Sehemu ya jibu imo katika kinga. Mwaka ule ule wa 1958, Mfaransa Jean Dausset alieleza alama ya kwanza ya kundi ambalo leo huitwa HLA. Jeni zake zimo katika kromosomu ya sita. Hizo huunda mfano wa sinia juu ya chembe ya mwili, ambapo vipande vya kirusi huwekwa ili askari wa kinga wavikague. Kila mtu hurithi masinia ya baba na ya mama, na masinia hayafanani: kipande kinachokaa vizuri kwangu huenda kwako kikateleza. Mwaka 2024 watafiti waliochunguza watoto wa Uganda, Kenya, Tanzania na Malawi walitangaza kuwa aina moja, DQA1*04:01, inahusiana na ongezeko la hatari ya saratani ya Burkitt. Hata hivyo, wengi walio nayo hawaugui kamwe.

Basi mwanafunzi wetu mmoja alipotafsiri maelezo kama haya aliandika "saratani ya kurithi". Sarufi ilikuwa safi, ila tulimkatalia. Mama akisoma hivyo wodini atauliza: kwani mimi ndiye niliyempa? Kilichorithiwa ni namna ya kinga, si ugonjwa. Tulibishana kipindi kizima, wengine wakitaka "mwelekeo wa kurithi", neno ambalo sisi tunaliona zito kwa msomaji wa kawaida. Mwishowe mwanafunzi aliandika "tofauti za kinga tunazozaliwa nazo", na sentensi ikarefuka kwa mstari mzima. Tukaiacha hivyo.