Mwanagenzi wa Njia ya Mbao: Marshall Taylor Katika Madison Square Garden, 1896

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai, na hekima yao imewafaa wasafiri wengi, wa nchi kavu na wa majini. Lakini pana mahali pamoja ambapo methali hiyo hugeuka ikawa kinyume. Mahali hapo ni ile njia ya mbao ya duara iliyojengwa ndani ya ukumbi kwa ajili ya mbio za baisikeli. Hapo aendaye pole ndiye aangukaye, na aendaye mbio ndiye aliye salama. Mwanagenzi aingiaye humo kwa mara ya kwanza huona jambo hili kuwa gumu kulisadiki, kwa sababu mwili wake wote humwambia apunguze mwendo apatapo hofu. Insha hii yakusudia kueleza kwanza asili ya njia hiyo na masharti yake, kisha kusimulia habari za mwanagenzi mmoja, Marshall Taylor, aliyeingia ndani yake mjini New York mwezi wa Desemba, 1896, naye ni kijana wa miaka kumi na minane. Wengi waandikao maisha yake huipita haraka juma ile, ili wafike upesi kwenye ushindi wake wa dunia wa mwaka 1899. Yafaa kuitazama kwa utulivu zaidi.

Njia ya mbao ya siku hizi aghalabu huwa na urefu wa mita 250 kwa mzunguko mmoja. Ina pande mbili zilizonyoka na kona mbili, na katika kona ubao umeinuliwa upande wa nje, hata mwinamo wake ukapita nyuzi 40. Mtu asimamaye chini akiitazama huona ukuta badala ya njia. Sababu ya mwinamo huo ni hii. Mpanda baisikeli apindapo kona kwa kasi hulazimika kuuinamisha mwili wake kuelekea ndani, asije akatupwa nje. Njia ikiinamishwa vivyo hivyo, gurudumu hulikanyaga ubao wima, kama vile lingekanyaga ardhi tambarare, nalo hushika sawasawa. Lakini mwendo ukipungua, mwili hurudi kuwa wima ilhali ubao umebaki umeinama. Hapo gurudumu hulikanyaga ubao kwa upande, hukosa mshiko, na mpandaji huteleza chini pamoja na chombo chake. Kwa hiyo mwalimu humwonya mwanagenzi asiingie kona bila ya mwendo wa kutosha, yapata kilomita 30 kwa saa katika njia iliyo na mwinamo mkali.

Baisikeli yenyewe nayo ina sharti lake. Haina breki, na gurudumu la nyuma limefungamana na makanyagio, hata gurudumu lizungukapo, makanyagio yazunguke pia. Aliyezoea baisikeli ya barabarani hupumzisha miguu apendapo, akaacha chombo kiende chenyewe. Katika njia ya mbao akijaribu hivyo, gurudumu huisukuma miguu yake kwa nguvu na huweza kumtupa. Hupunguza mwendo kidogo kidogo tu, kwa kuyazuia makanyagio kwa miguu, au kwa kupanda juu ya mwinamo ambako mlima wenyewe humpunguzia kasi. Tena hana budi kujifunza mistari iliyochorwa ubaoni. Mweusi ulio chini ndio kipimo cha urefu wa njia. Mwekundu huweka mpaka wa wale washindanao kwa kasi. Buluu ulio juu huwatenga waendao taratibu na walio mashindanoni. Kabla ya kuhama kutoka mstari hata mstari, sharti ageuze shingo atazame nyuma, kwa maana ajaye kwa kasi hana namna ya kusimama ghafula.

Michezo hii ya ukumbini si ya jana. Mwaka 1878, katika Agricultural Hall iliyoko Islington, London, yalifanywa mashindano ya baisikeli ya siku sita mfululizo, kwa vyombo vya zamani vyenye gurudumu kubwa mbele. Mwaka huo huo, tarehe 26 Novemba, Marshall Walter Taylor alizaliwa Indianapolis, Marekani. Hesabu ya siku sita haikuchaguliwa kwa bahati. Sheria na desturi za Wakristo wa nchi hizo zilikataza michezo siku ya Jumapili, basi waandalizi walianza mara tu baada ya saa sita ya usiku wa kuamkia Jumatatu, wakamaliza usiku wa Jumamosi. Mshindi alikuwa yule aliyekwenda masafa marefu kuliko wenzake. Hapakuwa na saa za kulala zilizowekwa. Kila mtu alilala kwa kadiri alivyothubutu, huku akijua kwamba mwenzake yu macho na anaendelea kuzunguka.

Taylor alikulia katika hali isiyokuwa ya kawaida. Baba yake, Gilbert, aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikuwa mwendesha gari la farasi wa familia tajiri ya Wamarekani weupe, na mtoto akawa mwenzi wa michezo wa kijana wa nyumba ile. Huko ndiko alikopata baisikeli yake ya kwanza. Baadaye aliajiriwa na duka moja la baisikeli kufanya michezo ya ustadi mbele ya wapita njia, akiwa amevaa koti la kiaskari, na kutokana na vazi hilo akapata jina la "Major" ambalo lilimfuata hata kaburini. Louis Munger, aliyekuwa mshindani hodari kabla ya kuwa mtengenezaji wa baisikeli, alimwona na kumchukua kama mwanafunzi wake, na mwaka 1895 akahama naye kwenda Worcester, Massachusetts.

Uhamisho huo haukuwa wa biashara peke yake. Mwaka 1894 chama kikubwa cha wapanda baisikeli wa nchi ile, League of American Wheelmen, kilipitisha kanuni katika mkutano wake wa Louisville ya kuwanyima watu weusi uanachama. Kanuni hiyo haikufunga kila mlango wa mashindano, lakini ilitangaza hadharani ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenyeji wa mchezo na nani mgeni. Chama kile hakikuitangua rasmi ila mwaka 1999. Kwa hiyo Taylor alipofika New York alikuwa mwanagenzi kwa maana mbili. Alikuwa mpya katika mashindano ya malipo, na alikuwa mtu asiyetakiwa na wengi wa wale aliokuja kushindana nao.

Jengo la Madison Square Garden la wakati ule silo lililopo leo. Lilikuwa kazi ya Stanford White, likafunguliwa mwaka 1890, na likabomolewa mwaka 1925. Ndani yake ilijengwa njia ya mbao ya muda kwa ajili ya mashindano ya Desemba, 1896. Tarehe 5, kabla ya mbio ndefu kuanza, palikuwa na mbio fupi ya nusu maili ambayo wanyonge walitangulizwa mbele kidogo na mashujaa wakawekwa nyuma. Taylor alikuwa miongoni mwa waliotangulizwa, na nyuma yao alikuwamo Eddie Bald, bingwa mashuhuri wa siku zile. Kijana alishinda. Dola 200 alizopata alizipeleka kwa mama yake.

Kama mambo yangeishia hapo, kisa kingekuwa kitamu na chepesi. Lakini Taylor alikuwa amejiandikisha pia katika mbio ya siku sita, ambayo haikulingana na maumbile yake. Alikuwa kijana mwenye mwili wa kasi, na sasa alitakiwa kuwa na mwili wa subira. Juma nzima alizunguka ndani ya ukumbi uliojaa makelele, akilala kwa vipande vidogo vidogo, akiamshwa na kurudishwa juu ya tandiko. Watazamaji wengi walimpenda. Kadiri siku zilivyopita uchovu uliwaangusha washindani ovyo, na wengine waliacha. Yeye naye alifika mahali ambapo akili ilianza kumponyoka, akawaambia wasaidizi wake kwamba hawezi kuendelea kwa kuwa pana mtu anayemfukuza njiani na kisu mkononi. Mtu huyo hakuwapo. Hata hivyo Taylor alirudi njiani, na saa 142 zilipotimia alikuwa amekwenda maili 1,732, yaani karibu kilomita 2,787. Alikuwa wa nane. Mshindi, Teddy Hale, alikwenda maili 1,910.

Nini maana ya juma ile? Wako wasemao kwamba lilikuwa kosa la ujana, au la wakubwa walioliruhusu. Hukumu hiyo haikosi haki. Ukumbi ulijaa kwa sababu watu walipenda kuona binadamu akisukumwa hata mpaka wa nguvu zake, na waandalizi walijua thamani ya tamasha hilo. Magazeti yalilaumu ukatili wa mbio hizo, na kabla karne haijaisha jimbo la New York lilitunga sheria ya kumkataza mshindani kupita saa kumi na mbili kwa siku. Waandalizi waliijibu sheria kwa hila. Mnamo mwaka 1899 waliwapanga washindani wawili wawili, mmoja akipumzika na mwenzake akienda, na mbio yenyewe ikaendelea usiku na mchana kama kwanza. Kutokana na hila hiyo ulizaliwa mchezo wa jozi ambao hata leo huitwa "Madison" kwa jina la ukumbi ule, nao umeingizwa katika Michezo ya Olimpiki.

Lakini kulihesabu juma lile kuwa hasara tupu ni kusahau kwamba lilikuwa pia shule. Katika siku sita mtu hupiga mizunguko mingi kuliko ile ya mbio fupi za msimu mzima. Taylor alijifunza kukaa ndani ya kundi, viwiko vya wengine vikiwa karibu na vyake, na kujua bila ya kufikiri ni wapi upenyo utakapofunguka. Zaidi ya hayo alitambua kipimo chake mwenyewe. Alijua kwamba anaweza kustahimili, lakini pia kwamba karama yake ni kasi, na juu ya kasi ndiko alikojenga maisha yake.

Elimu hiyo ilikuwa na kazi kubwa kuliko alivyodhania. Katika miaka iliyofuata wapinzani weupe walizoea kushirikiana kumzingira njiani, mmoja mbele, mmoja kando, ili asipate pa kutokea. Mwaka 1897, mjini Taunton, Massachusetts, mmoja wao alimkaba koo baada ya mbio hata akazirai. Kwake yeye, basi, sharti la ubao lilikuwa na maana ya pili. Wengine walipopunguza mwendo walikuwa katika hatari ya kuteleza. Yeye alipopunguza mwendo alikuwa katika hatari ya kuzingirwa. Usalama wake ulikuwa mbele ya kundi, na hakukuwa na njia ya kufika huko ila kwa kasi.

Tarehe 10 Agosti, 1899, mjini Montreal, Kanada, alishinda mbio ya maili moja akawa bingwa wa dunia. Kabla yake, katika mchezo wowote, mtu mweusi aliyekwisha kupata cheo cha namna hiyo alikuwa George Dixon, mpiganaji wa ndondi. Mwaka 1901 alikwenda Ulaya, akakubali mikataba isiyomtaka kushindana Jumapili, na mwezi wa Mei, jijini Paris, alishindwa na Edmond Jacquelin mara ya kwanza, kisha akamshinda mara ya pili. Aliacha mashindano mwaka 1910. Fedha zake ziliisha, kitabu cha maisha yake alichokitoa mwenyewe mwaka 1928 akawa anakiuza nyumba kwa nyumba, na tarehe 21 Juni, 1932, alikufa Chicago akazikwa kimaskini. Mwaka 1948 wapanda baisikeli wa zamani, kwa msaada wa Frank Schwinn mwenye kiwanda, waliuhamisha mwili wake wakauzika upya kwa heshima. Mwaka 1982 Indianapolis, mji uliompa jina la Major kisha ukamfungia viwanja vyake, ulifungua uwanja wa mbio za baisikeli wenye jina lake.

Ubao hauchagui rangi ya ampandaye. Humwangusha kila apunguzaye mwendo, awe bingwa au mwanagenzi, na katika jambo hilo ni mwamuzi wa haki. Wachaguzi walikuwa watu, wale waliokaa langoni na wale waliopanda pamoja naye. Mwanafunzi wa historia asomapo kwamba Taylor alikuwa wa nane katika siku sita za mwaka 1896, asiihesabu nafasi ile peke yake. Akumbuke pia kwamba yule kijana, baada ya kuona kisu kisichokuwapo, alirudi njiani akamaliza, na kwamba visu vingine vilivyomngoja nje ya ukumbi havikuwa vya ndotoni.