Jina ku daftari ya komini

Tukirudia inchini, mulango wa kwanza tunabisha ni wa komini: cheti ya mutoto, kibanda cha soko, ugomvi wa mupaka wa parseli. Ile mulango iko na historia.

Mwaka 1957, wakati wa Wabelgiji, wakaaji wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville (leo Kinshasa, Lubumbashi na Likasi) walichagua washauri wa komini mara ya kwanza. Walipiga kura wanaume wa miaka 25 na zaidi, wamama hapana.

Sheria ya mwaka 2008 ilisema raia wachague baraza la komini, nalo lichague bugumestre na kupitisha bajeti. Lakini miaka 15 bugumestre aliendelea kuteuliwa kutoka juu. Kura ilifika 20 Desemba 2023, tena si kila komini. Na mwenye alirudia kisha kuandikisha kwisha, alibaki kuangalia wengine.

Kwa hiyo tusichoke na makaratasi. Mutoto akizaliwa, mumuandikishe mbele ya siku 90 kupita. Baraza linahesabu wenye kuandikwa.